Kitanda cha Kasereka

Kosa lilifanyika saa tisa mchana, jua likiwaka, watu wote wakiwa macho, na aliyelifanya alikuwa mtu mwenye akili zake timamu. Labda ndiyo maana hakuna aliyelitilia maanani.

Jamali alikuwa amesimama ndani ya trela yake akigawa vitanda. Trela yenyewe ilikuwa ya kukunja. Ikifungwa ilikuwa sanduku pana la bati, la kufika kiunoni, lenye magurudumu mawili. Ukizungusha mkono wa chuma uliokuwa nyuma, paa lilipanda, turubai likajinyoosha pande zote, na vitanda viwili vipana vikachomoka kulia na kushoto, katikati pakabaki meza ambayo nayo ililazwa ikawa kitanda cha tatu. Aliikuta Kampala, nyuma ya ghala la muuza vitu vya ng'ambo, imefungwa miaka mingi hata muuzaji hakukumbuka iliingiaje pale. Akaiburuta hadi Butembo kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi. Majirani wa mtaa wa Furu, ambao hawana dogo, waliibatiza siku hiyo hiyo: mwavuli wa Jamali.

Sababu ya kuinunua ilikuwa nzuri. Mama yake Jamali, Bi Sofia, aliishi Beni, na nyumba yake ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia vita kutoka Mbau. Hata barazani watu walilala. Jamali alitaka kuipeleka familia yake yote kwa bibi kabla shule hazijafunguliwa Septemba, tena kwa mara ya kwanza wote pamoja, na akaona dawa ni kwenda na nyumba yake mwenyewe na kuikunjua pale uani. Yeye alikuwa msafirishaji, njia ya Beni aliijua kama mfuko wa shati lake. Mkewe, Hadjara, alikuwa hajakanyaga Beni kwa miaka sita. Alimkubalia kwa shida, baada ya kubembelezwa mwezi mzima.

"Miye na Mama Paluku na Kahindo, huku kuume," Jamali alisema, akipigapiga godoro. Kahindo alikuwa binti wao wa miaka miwili. "Paluku, weye utalala pa meza, sababu miguu yako iko murefu. Na kule kushoto, Kambale na Kasereka."

Paluku, wa miaka kumi na tano, akatazama chini. Kambale, wa kumi na miwili, akamtazama mama yake. Mdogo wao Kakule, ambaye alikuwa na miaka minne na alikuwa amesubiri jina lake kwa mikono iliyoshikana, akauliza:

"Na miye?"

Wanande, ambao ndio kabila lao, hawahangaiki kutafutia wavulana majina. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Mtoto anazaliwa akikuta jina linamsubiri mlangoni. Ukianza kuita safu, ulimi unaimaliza wenyewe. Ila katika nyumba ya Hadjara safu hiyo ilikuwa na pengo. Kasereka alizaliwa Beni, kwa Bi Sofia, mwaka ule wa ugonjwa wa mlipuko, akaishi siku tatu. Walikuja watu waliovaa nguo nyeupe za kufunika hadi macho, wakamchukua, wakamzika wao. Hadjara alitazama kutoka dirishani. Hakumuosha, hakumfunga sanda, na kaburini hakwenda, siku ile wala siku nyingine.

"Baba Paluku," alisema polepole, "uliita nani?"

"Niliita... Kakule, si Kakule." Jamali akacheka kicheko kifupi. "Ni ulimi tu. Ulimi inazoea."

Wote wakacheka kidogo ili yaishe. Na wakati wanacheka, kitanda cha kushoto, ambacho hapakuwa na mtu juu yake, kikalia mara moja, kama kinavyolia kitanda mtoto anapojigeuza.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, Butembo yote imemezwa, na Hadjara akaingia ndani ya trela kupangusa magodoro. La kushoto lilikuwa limetandikwa vizuri. Katikati yake palikuwa na kibonde kidogo. Aliweka kiganja pale akakuta pana joto.

Kisha akasikia harufu ya klori.

Kila mtu wa Butembo na Beni anaijua harufu hiyo. Mwaka ule mzima hapakuwa na duka, kanisa, msikiti wala ofisi isiyokuwa na ndoo ya maji ya klori mlangoni, na watu walinawa mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Hadjara hakuwa ameinunua tena tangu wakati ule. Nguo alifua kwa sabuni, sakafu alipiga deki kwa sabuni, na aliyemletea klori nyumbani alirudi nayo. Sasa ilikuwa inatoka kwenye mto wa mtoto.

Moyo wake ukakimbilia kwa jirani. Virginie, mama mmoja Mkatoliki aliyeuza unga wa muhogo, alikuwa amekuja jana yake kuushangaa mwavuli, akacheka sana, kisha akauliza wanaondoka siku gani. Hadjara sasa alijiuliza, mtu anatafuta siku ya safari ya wenzake ili aifanyie nini? Akaenda kwenye ua wa miti uliotenganisha viwanja vyao, akaonyesha trela kwa kidole.

"Mama Virginie, ni weye uliosha remorque yetu na chlore?"

"Miye?" Virginie alisimama na ungo mkononi. "Mama Paluku, ata kuingia sikuingia. Ningeosha juu ya nini?"

"Minauliza tu."

"Mais mbona uko unaniangalia vibaya."

Hadjara akarudi zake. Hakumwamini hata kidogo.

Jioni hiyo Jamali alitoa daftari. Msafirishaji haondoki bila orodha, kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani askari huuliza majina, na anayebabaika hucheleweshwa. Aliandika kwa herufi zake kubwa, akampa mkewe asome. Baba, mama, Paluku, Kambale, Kasereka, Kahindo.

"Baba Paluku. Tena?"

"Tena nini? Hesabu. Iko sita. Tuko sita."

"Kakule iko wapi?"

Jamali akachukua karatasi, akaisoma kwa muda mrefu kuliko majina sita yanavyohitaji. Akapiga mstari juu ya jina moja, akaandika Kakule pembeni, akaliacha daftari mezani.

Asubuhi Hadjara alilifungua. Ukurasa ulikuwa safi, hauna mstari, haujakatwa popote. Wa tano kutoka juu, kwa mwandiko wa mumewe usio na shaka, Kasereka.

Hapo ndipo ilipomwingia fikra ambayo mwanamke yeyote mwenye mume wa barabarani angeipata, na wala simlaumu. Jamali alikuwa na mtoto Beni. Miaka sita Hadjara alikataa kwenda huko, miaka sita mumewe alikwenda kila wiki, peke yake, analala siku mbili tatu. Mwanamke fulani alikuwa amemzalia mvulana, naye akampa jina lile, jina la mwana wa Hadjara! Safari yote hii na mwavuli wake, vitanda vitatu na blanketi mpya, ilikuwa njia ya kumpeleka Hadjara akatambulishwe. Akaamua kunyamaza na kuchunguza.

Alichunguza, na alichokiona hakikuwa cha mke mwenza.

Mchana Paluku aligawa ugali na sombe ya majani ya muhogo. Aliweka sahani za watoto nne, wakakaa, na Kakule akabaki amesimama. Sahani ya nne ilikuwa imewekwa mbele ya nafasi tupu, pembeni ya Kambale.

"Paluku, mudogo wako atakulia wapi?"

"Nani?" Paluku aliuliza. Kisha akamwona Kakule, akashtuka, akasogeza ile sahani. "Pardon, mama. Sikumuona."

Hakumwona, na mtoto alikuwa amesimama mbele ya goti lake. Kesho yake Kambale alifunga mlango wa nyumba Kakule akiwa nje na mvua inanyesha, akasema alidhani wote wameingia. Jamali aliporudi aliwabusu watoto watatu, akampita wa nne kama anavyompita mtoto wa mgeni. Na Kahindo, ambaye maneno yake yote yalikuwa hayazidi ishirini, alikwenda kila saa kwenye ngazi ya trela, akainua pazia la turubai, akaita kwa furaha: "Kase! Kase!"

Kakule mwenyewe alikuwa mtoto wa maswali. Kila asubuhi alikuwa akiuliza kama leo ndiyo siku ya safari, na kwa nini siyo, na gurudumu linajuaje njia. Sasa alinyamaza. Hadjara alimkuta amekaa nyuma ya pipa la maji, anatafuna ukosi wa shati lake, akampakata.

"Nani alikupiga?"

"Hapana."

"Sasa una nini, papa yangu?"

"Ule wa mu remorque." Akasema karibu na shingo yake, kwa sauti ya chini. "Anasema nilikalia fasi yake. Anasema nirudie nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kwenye nilitoka."

Hadjara alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Tangu hapo alimfunga mgongoni kama mtoto mchanga, mtoto wa miaka minne mwenye miguu ya kuning'inia, akapika naye na kufagia naye, na Virginie alipouliza kutoka ng'ambo ya ua kama mtoto anaumwa, alimjibu kwa ukali kwamba kila mtu aangalie wa kwake.

Ijumaa Jamali alirudi kutoka sokoni na viatu vya safari. Jozi nne za ndara, mpya, zinanuka plastiki. Za Paluku, za Kambale, za Kahindo. Na jozi moja ya bluu, kubwa kwa Kakule kwa vidole viwili, saizi ya mtoto wa miaka sita.

Hadjara alizishika, na yale aliyokuwa ameyafungia kifuani yakatoka yote.

"Mutoto yako ya Beni iko na myaka sita?"

"Mutoto gani?"

"Ile ulizala na mwanamuke ya Beni! Ile unaandika mu liste! Sema, Jamali. Sema leo, mbele ya batoto!"

Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Jamali akakaa chini kwenye kiti kama amepigwa.

"Wallahi, hakuna mwanamuke," alisema. "Hakuna mutoto. Mama Paluku, ni weye ulinipigia simu. Nilikuwa ku soko. Ulisema, 'Usisahau ndara ya Kasereka, namba trente.' Nikasema ndiyo. Nilikuwa... nilikuwa na furaha. Sijui juu ya nini nilikuwa na furaha."

"Sikupiga simu."

Jamali akamnyooshea simu yake. Saa nne na dakika kumi, Mama Paluku, dakika mbili. Hadjara akatafuta ya kwake, akakuta ndivyo ilivyo. Saa nne na dakika kumi alikuwa anachambua lengalenga jikoni, alikumbuka kila jani. Kuzungumza hakukumbuka. Akageuka kumtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, na kwa muda mfupi, mfupi sana, ulimi ukatafuta jina lake usilione.

Aliogopa hapo kuliko siku zote za maisha yake. Mume anaweza kusahau, ndugu wanaweza kusahau, lakini yeye akisahau, mtoto huyu hatakuwa na mtu duniani.

Jumamosi akaja maalimu Kahongya. Hakuitwa kwa uganga, aliitwa kushona. Mzee huyu alifundisha Kurani asubuhi, na mchana alishona maturubai ya malori, na Jamali alimtaka azibe mshono uliofumuka upande wa kushoto wa trela. Kahongya alikuja na sindano zake ndefu na donge la uzi wa nailoni, akachuchumaa, akautazama ule mshono bila kuugusa.

"Hii haikuchanika na upepo," alisema. "Uzi ilisukumwa toka ndani. Na angalia urefu. Mutoto." Akanusa. Akasimama na kurudi nyuma hatua tatu. "Mu hii nyumba mulimuita nani?"

Hawakumficha. Jamali alieleza vitanda, orodha na viatu, akiona haya kama mtu anayeeleza ulevi wake. Kahongya akamgeukia Hadjara.

"Mama, batu bakikuuliza uko na batoto ngapi, unajibu nini?"

"Tano," Hadjara alisema.

"Iko ine, haiko tano."

"Kasereka njo wa tano."

"Hata ku hôpital, hata ku soko, unasema tano?"

"Nilimuzala, maalimu. Nitamuondoa aje?"

Mzee akaweka sindano zake chini. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na kadiri sauti yake ilivyoshuka ndivyo wote walivyozidi kusogea.

"Hii nyumba ya magurudumu ilikaa ya kufungwa myaka mingi, hapana mutu, hapana jina ya Mungu. Haikukosa mwenyewe. Jini iliingia. Na siku ya kwanza munaifungua, munaita jina yenye hapana mutu ya kuitika. Ikaitika yenyewe. Haiko mutoto yenu. Mutoto yenu iko kwa Mungu, na hana shida na ndara. Ile kitu ilikuta fasi, ikakaa. Sasa inataka kukaa vizuri, na penye mumeweka Kakule ni pa karibu, itapachukua."

"Tuchome remorque," Jamali alisema.

"Ukichoma, itaingia mu nyumba. Haiko tena mu bâche, mu hii turubai. Iko mu hesabu yenu." Akamtazama Hadjara, na macho yake yalikuwa na huruma. "Ni weye uliacha mulango wazi, mama, na uliacha juu ya mapendo. Mapendo haina zambi. Mais utaufunga weye."

Akamwagiza. Aingie peke yake, aite safu yote. Watoto wasimame nje, kila mmoja aitikie jina lake. Akifika la tatu aseme wazi kwamba Kasereka alikufa, alizikwa Beni, jina lake amekwenda nalo. Kisha amwite Kakule, na Kakule aingie alale juu ya kile kitanda.

"Kitu moja," alisema Kahongya. "Itakuitika. Itatumia sauti yenye unataka. Usiijibu, ata neno moja."

Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza. Hadjara alimfungua Kakule mgongoni, akamsimamisha karibu na ngazi, akamwambia angoje jina lake. Akaingia, akateremsha pazia.

Ndani palikuwa na mwanga wa kijani uliopita kwenye turubai, na harufu ya klori ilikuwa kali hata machozi yakamtoka, na mvua ilipiga paa kwa kishindo kiasi kwamba nyumba na ua na Butembo nzima vikawa mbali. Kwenye kitanda cha kushoto blanketi lilikuwa limeinuka kidogo katikati. Linapanda na kushuka.

"Paluku!" akaita.

"Niko, mama!" sauti nje, nzito ya kijana anayebalehe.

"Kambale!"

"Niko!"

"Kasereka," akasema, na akavuta pumzi ili aseme neno linalofuata, kwa sababu lilikuwa neno zito na kwa miaka sita hakuwahi kulitamka, si mbele ya mumewe, si kwenye sala, si usiku kwenye mto wake alipokuwa akimhesabia yule mtoto miezi, kwamba sasa angekuwa anakaa, sasa angekuwa anatambaa, sasa meno yangekuwa yanaota, sasa angekuwa anasema, na alipokuwa anamtafutia sauti ya kusemea akamchagulia moja, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, akaitunza mahali ambapo hakuna mtu aliyejua, na katika ile pumzi moja aliyoivuta, kutoka chini ya blanketi, sauti ile ile, na mkwaruzo wake ule ule, sauti ambayo haikuwahi kuwa ya mtu yeyote hai, ikasema:

"Mama."

Hadjara akashika ukingo wa meza.

"Mama, baridi. Walinilaza pa baridi. Haukuja."

Alijua. Hilo lisemwe kwa haki yake: alijua ni nini kilichokuwa mbele yake, alikumbuka kila neno la Kahongya, na alikumbuka mtoto aliyesimama mvuani akingoja aitwe. Akafungua kinywa aseme alikufa. Mikono yake ilikuwa imekwishanyooka, na kilichotoka kinywani kilikuwa kingine.

"Sogea huku," alisema.

Blanketi likasogea.

Alipotoka, mvua ilikuwa imepungua. Kahongya alikuwa chini ya upenu wa nyumba, asikoiona ngazi ya trela, na kwa kelele za mabati hakuwa amesikia kitu.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulimuita Kakule?"

"Nilimuita."

Kakule alikuwa bado pale pale alipowekwa, ameloa chapachapa. Mzee akainama mbele yake.

"Kijana, ulisikia mama anakuita, ukalala pa kitanda?"

Mtoto akamtazama mama yake. Hadjara naye akamtazama, na uso wake ulikuwa na ombi ambalo hata mtoto wa miaka minne angelisoma. Kakule alimpenda sana mama yake.

"Ndiyo," akasema.

Kahongya akashona mshono, akasoma dua, akakataa malipo, akaenda zake akiwa bado hana amani. Lakini harufu iliisha siku hiyo hiyo. Kitanda hakikulia tena. Nyumba ikawa na utulivu ambao Hadjara hakuwa ameujua tangu ujana wake, akajikuta akiimba jikoni, na Jamali akamwambia amenenepa uso.

Waliondoka Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado barabarani, ili wapite vizuizi vyote na kufika Beni mapema. Trela ilikuwa imekunjwa na kufungwa nyuma ya gari lao, Prado. Hadjara alikaa mbele na Kahindo mapajani. Nyuma walikaa wavulana wake, Paluku upande mmoja, Kambale upande mwingine, na Kasereka katikati, amefunikwa blanketi kwa sababu alikuwa mtoto wa baridi. Aligeuka kuwahesabu, kama kila mama anavyofanya gari linapoanza kutembea. Watoto wake wote walikuwamo. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Baba Paluku, pole pole," alisema walipofika kwenye kona. "Kuna mutoto nyuma yetu mu barabara."

Jamali akatazama kwenye kioo. Nyuma ya trela, miguu mitupu ndani ya tope, kijivulana kilikuwa kinakimbia na mikono imenyooshwa mbele. Kilianguka, kikainuka, kikakimbia tena. Nyuma zaidi alionekana Virginie, kanga inamvuka, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele.

"Mama Paluku! Simameni! Muliacha mutoto! Mutoto wenu huyu!"

"Ule mama iko nasema nini?" Jamali aliuliza.

"Unamujua Virginie. Hapana musikilize." Hadjara alimtazama yule mtoto, akaona jinsi kifua chake kilivyokuwa kinapanda na kushuka, na kitu kikamchoma mahali fulani chini ya ziwa, akaweka mkono pale, kikapita. "Mais ni ya nani? Na baridi kama hii. Mama yake haiko na roho?"

"Mi hapana mujua," alisema Kasereka nyuma yake, kwa ile sauti yake nyembamba.

"Endesha, Baba Paluku. Tusichelewe ku barrière."

Gari likaongeza mwendo, kona ikamficha mtoto. Hadjara alikuwa mwanamke mwenye imani na huruma, na hakupenda kumpita mtoto wa watu bila kumwombea. Akainua viganja vyake juu ya kichwa cha Kahindo, akamwomba Mungu amfikishie yule mtoto mama yake upesi, kokote alikokuwa, kabla mvua haijaanza.